KURA YA MWANAMKE WA ZANZIBAR NA YALIYOMO MASANDUKUNI

Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa na Ofisa Habari wa Wizara katika jumba la makumbusho, mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi, katika kukumbuka jitihada za wanawake za kupata haki ya kupiga kura. Inachapishwa kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.





  Kwa kazi yangu nimezoea zaidi kuandika hotuba zinazosomwa na wakubwa zangu kuliko kusoma zangu mwenyewe, hivyo nitaomba mnistahamilie.

Nitaanza na bibi yangu, mzaa baba. Alikuwa mwalimu wa chuoni huko Ng'ambo. Barazani kwake walipita watoto wengi, wa kike na wa kiume, wakianza na alifu mpaka kufikia kuhitimu juzuu thelathini. Mimi pia nilipita hapo, na bakora yake naikumbuka. Basi alikuwa akisimulia kwamba mwaka 1957, ulipofanyika uchaguzi wa mwanzo katika nchi hii, mmoja katika vijana aliowasomesha alivaa kanzu nyeupe akaenda kupiga kura, na bibi akabaki nyumbani akipepeta mchele. Hakuruhusiwa. Miaka mitatu na ushei baadaye, alipokwenda kujiandikisha kwa uchaguzi wa 1961, alimkuta kijana yule yule amekaa nyuma ya meza, sasa ni karani, naye akamuuliza bila ya kuinua uso: "Bibi, unajua kusoma?"

Bibi alikuwa akifika hapo hunyamaza kidogo, halafu husema: "Mimi niliyemfundisha alifu, ananiuliza mimi kama najua kusoma!" Alivyosimulia yeye, karani alipoinua macho akamtambua alisimama wima kama yuko chuoni, na kalamu ikamdondoka.

Nyinyi mmecheka, na sisi wajukuu tulikuwa tukicheka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoona kuwa kisa kile kina uzito wake.

Ndugu wananchi,

Tuangalie sheria ilikuwaje. Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar liliundwa mwaka 1926, na kwa miaka thelathini wajumbe wake wote waliteuliwa. Hakuna aliyechaguliwa na mtu. Ndipo ulipofanyika uchaguzi wa Julai 1957, kwa viti sita tu. Wapiga kura walikuwa wanaume, na si wanaume wote, kwani palikuwa na masharti ya umri, ya mali au kipato, na ya kujua kusoma na kuandika.

Ukiyatazama masharti hayo utastaajabu. Mali, wanawake wa visiwa hivi walikuwa nayo. Sheria ya dini yetu inampa mwanamke fungu lake katika mirathi na inamwacha alimiliki mwenyewe, ameolewa au hajaolewa. Walikuwapo wanawake wenye mashamba ya mikarafuu, wenye nyumba za mawe mjini, na wapo walioweka wakfu misikiti ambayo mpaka leo watu wanaswali ndani yake. Mwanamke angeweza kumpangisha nyumba mwanamume, mwanamume yule akaenda kupiga kura, na mwenye nyumba asipige.

Elimu nayo ina habari yake, na hapa nitakaa kidogo. Bibi Salme binti Said, bintiye Seyyid Said, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa, kwa kuwa hakukuonekana kunawafaa. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao. Ujuzi ule haukukaa bure. Mwaka 1859, ilipozuka fitina ya ufalme baina ya kaka zake Majid na Barghash, binti wa miaka kumi na tano ndiye aliyekuwa mwandishi wa kundi la Barghash, kwa sababu alikuwa mwanamke anayejua kuandika. Siasa za nchi hii, kwa hivyo, zilipita mkononi mwa mwanamke karibu miaka mia moja kabla ya mtu kumuuliza mwanamke kama anastahiki kura. Sisemi kuwa lile lilikuwa jambo jema, mwenyewe alilijutia. Nasema lilikuwapo.

Skuli ya mwanzo ya Serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na ile ya wavulana ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtoto wa kike aliyeingia darasani mwaka ule akiwa na miaka saba alikuwa na thelathini na saba ulipofika uchaguzi wa 1957. Huenda akawa mwalimu wa skuli, akalipwa mshahara na Serikali, akawasomesha wenziwe kusoma ramani ya dunia na hesabu za mafungu. Alikuwa ametimiza kila sharti isipokuwa lile la kuzaliwa mwanamume.

Na waliotuwekea sheria hiyo hawakuwa wageni wa jambo lenyewe. Kwao Uingereza baadhi ya wanawake walipata kura mwaka 1918, na mwaka 1928 wakawekwa sawa na wanaume. Kwa hiyo mke wa ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akiishi hapa alikuwa na haki yake kwao, naye akimtazama dirishani mwalimu wa Kizanzibari asiyekuwa nayo kwake.

Mabibi na mabwana,

Jirani zetu nao walikuwa katika harakati hizo hizo. Mombasa, mwaka 1958, wanawake wa Kiarabu walipeleka ombi serikalini wakidai kura, kwani sheria ya wakati ule ilikuwa imewaacha nje wao ilhali wanawake wa jamii nyengine wakipewa. Tanganyika, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, wanawake waliotimiza masharti walipiga kura, na Bibi Sophia Mustafa wa Arusha akawa mmoja kati ya wanawake watatu walioingia katika Baraza. Na Bibi Titi Mohammed, ambaye alizunguka nchi nzima akiwaingiza wanawake katika TANU, alitokea wapi? Alikuwa mwimbaji mkuu wa kundi la ngoma la Bomba, Dar es Salaam. Watu husema ngoma ni mchezo. Lakini chama cha ngoma cha akinamama kilikuwa na viongozi wake, mfuko wake wa fedha, na njia yake ya kuwaita watu mia kwa usiku mmoja bila ya barua wala tangazo. Aliyepata kuongoza lelemama hakuwa na haja ya kufundishwa namna ya kuendesha tawi la chama.

Hapa kwetu vyama vya siasa vilianzisha matawi ya akinamama, na kabla ya uchaguzi wa 1961 sheria ikabadilishwa. Tarehe 17 Januari 1961 mwanamke wa Zanzibar alipiga kura kwa mara ya mwanzo. Masharti bado yalikuwapo, na ndiyo maana bibi yangu akaulizwa lile suala. Ulipofika uchaguzi wa Julai 1963, kura ilikuwa ya kila mtu mzima, mwanamke na mwanamume.

Sasa niseme jambo ambalo pengine wengine wetu tungependa lipitwe. Viti vya Januari 1961 vilikuwa ishirini na mbili. Afro-Shirazi Party ilipata kumi, Zanzibar Nationalist Party tisa, na Zanzibar and Pemba People's Party vitatu. Wale watatu wakagawanyika, wawili upande huu na mmoja upande ule, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja. Na katika jimbo la Chake Chake mshindi alimpita mwenziwe kwa kura moja. Kura moja tu! Kura haina jina, na haijulikani ilikuwa ya mwanamke au ya mwanamume, ya tajiri au ya mchukuzi. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema katika visiwa hivi kwamba kura ya bibi kizee wa shamba haina maana.

Uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni mwaka ule ule, na mnajua yaliyotokea. Watu sitini na wanane walipoteza maisha yao katika machafuko. Wazee huziita siku zile "zama za siasa", na wakizitaja hushusha sauti. Watu walisusiana maduka, wakasusiana mabasi, wakasusiana hata maziko. Bibi yangu alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, nyumba zao zilitazamana, na kila mmoja alikuwa na chama chake. Chama gani kwa nani sitosema, wala msinisubiri. Ninachosema ni kwamba kwa muda wa karibu miaka mitatu hawakupelekeana hata sahani ya futari.

Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa hatukuadhimisha siku ile. Katika nchi nyengine, mwanamke alipopata kura watu walipiga vigelegele na wajukuu wakahadithiwa. Kwetu haki ile iliingia mlango mmoja na uhasama, na tulipotaka kuusahau uhasama tukaisahau na haki pamoja nao. Mwanamke aliyesimama katika foleni mwaka 1961 hakusimulia alivyoisimama, kwa kuwa suala la pili lingekuwa: ulimpa nani?

Nami naona makumbusho hayana haja ya kuuliza suala la pili.

Waheshimiwa,

Nitawapeleka mbali kidogo, kwa dhamira moja tu, nayo ni kuonesha kitu kinachoweza kuhifadhiwa. Zipo nchi za visiwa zilizotangulia sana katika jambo hili. Kisiwa cha Isle of Man kiliwapa kura wanawake wajane na wasioolewa wenye mali mwaka 1881. New Zealand iliwapa wanawake wote watu wazima tarehe 19 Septemba 1893. Wanawake wa New Zealand, wakiongozwa na Bibi Kate Sheppard wa mji wa Christchurch, walikusanya sahihi nyumba kwa nyumba. Karatasi zilipofika kwake alizibandika moja kwa nyengine, akazizungusha katika kipande cha mpini wa ufagio, na hati ile ikapelekwa Bungeni ikakunjuliwa sakafuni mbele ya wajumbe. Urefu wake unapita mita mia mbili na sabini, na ina sahihi zaidi ya 25,000. Mwaka ule ule, katika Bunge la Wamaori, wenyeji wa nchi ile, Bibi Meri Te Tai Mangakahia aliomba wanawake wapewe kura, na hoja yake ilikuwa kwamba wengi wao ni wenye ardhi na ndio wanaoisimamia. Anayejua habari za mashamba yetu ya karafuu ataielewa hoja hiyo bila ya mkalimani.

Hati ile ipo mpaka leo. Imewekwa katika Maktaba ya Taifa mjini Wellington, katika chumba chenye mwanga hafifu ili wino usififie, na mtu akenda huweza kulitafuta jina la bibi wa bibi yake. Wengine waliandika vizuri, wengine kwa tabu. Yote ni sahihi.

Basi nikajiuliza: nasi, tukiweka kabati moja katika jumba hili kwa ajili ya Januari 1961, tutaweka nini ndani yake?

Vitu vya wakubwa tunavyo. Makumbusho ya Kasri, Forodhani, yalipofunguliwa mwaka 1994 yalimpa Bibi Salme chumba kizima, na alikistahiki. Viti vya enzi, vyombo vya kauri, saa za ukutani, vyote hivyo vilipata mtunzaji. Lakini wale maelfu waliojipanga jua kali na mabuibui yao hawakuacha viti vya enzi. Waliacha vipande vya karatasi, picha mbili tatu, kanga ya mkutano, labda beji. Na vitu hivyo havikuwekwa makumbusho. Viliwekwa masandukuni, chini ya udi na kanga za kuzikia.

Hapa hapana budi nikiri kosa langu. Bibi alifariki mwaka 1994. Wakati huo mimi nilikuwa ndio kwanza nimeajiriwa, karani kijana katika kazi za habari. Baada ya arubaini tulisafisha chumba chake. Ndani ya sanduku, katika kitambaa cha kanga kilichofungwa fundo, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai. Mmoja wetu akauliza, "Hii nini?" Shangazi akajibu, "Hicho ndicho cheti chake cha kura, alikuwa hataki kiguswe." Uani palikuwa na moto unachoma magodoro ya makumbi na mikeka iliyooza. Karatasi ile ikaenda na vyengine. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, mtu ninayelipwa na Serikali kwa kukusanya habari, na sikunyoosha mkono. Wala sikuisoma. Hivyo leo siwezi kukwambieni ilikuwa na nambari gani, jina lake liliandikwaje, wala kama kweli ilikuwa cheti au kitu chengine. Najua tu kwamba aliiweka miaka thelathini na tatu.

Nimelisema hili hadharani ili mtu mwengine asifanye nilivyofanya mimi, kwani wakati wenyewe umekwisha kuwa mfupi. Aliyekuwa na miaka ishirini na mitano mwaka 1961 sasa ana takriban miaka tisini. Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja aliyeapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano tarehe 19 Machi 2021, siku ile ya kura ya mwanzo ya mwanamke alikuwa mtoto mchanga wa mwaka mmoja kasoro siku kumi. Sote tumeona mtoto yule alipofika. Waliokuwa wamewabeba watoto wa rika lake mgongoni katika foleni ndio tunaowazika kila Ijumaa, na kila tunapomzika mmoja, sanduku lake linafunguliwa na watu wasiojua kilichomo.

Wala tusidhani kuwa jumba kubwa ni dhamana. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka mchana kweupe, ikaua watu wawili. Kama jumba lile linaweza kuanguka, seuze sanduku la mninga katika nyumba inayovuja.

Kwa hivyo ninayo maombi, na nitayaeleza wazi ili yaweze kuchapishwa katika ukurasa wetu wa matangazo.

Kwa wananchi: mkikuta karatasi, picha, kanga au kitu chochote cha uchaguzi wa 1961 au 1963, msikichome na msikifue. Msikipige pasi, msikitie gundi, wala msikifunge katika karatasi ya nailoni. Kiacheni na mikunjo yake. Andikeni katika karatasi ya pembeni, kwa penseli, kilikuwa cha nani, alikaa mtaa gani, na nani aliyekieleza. Asiyetaka kukitoa asikitoe; kinaweza kupigwa picha na kurejeshwa siku hiyo hiyo. Na anayeogopa kuwa chama cha marehemu kitajulikana, amwambie mtunzaji, jina lifunikwe. Fundo la kanga likija, lije na fundo lake.

Kwa wazee wetu wanawake waliopo hai: hamtakiwi kusema mlimpa nani. Tunataka kujua mlivaa nini, mlikwenda na nani, mliamka saa ngapi, karani alikuulizeni nini, na aliyebaki na watoto alikuwa nani. Asiyeweza kutembea amwambie Sheha wake, nasi tutamfuata.

Kwa watumishi wenzangu, na hapa nazungumza kwa ukali kidogo kwa kuwa nazungumza na nafsi yangu pia: kila mwaka tunasafisha maghala ya ofisi. Madaftari ya zamani ya mikoa na wilaya, yenye majina yaliyoandikwa kwa mkono, yasitolewe nje kabla ya kutazamwa na watu wa Nyaraka za Taifa, Kilimani. Daftari lililoliwa na mchwa nusu bado lina nusu ya majina.

Yule mdogo wake bibi alimfuata miaka mitatu baadaye. Walikuwa wamepatana zamani, kabla mimi sijazaliwa. Nasikia alianza mmoja wao kwa kupeleka bakuli la tambi, na mwengine akalirejesha bakuli na ndizi. Sanduku lake liko kwa mjukuu wake, huko Mwembeladu, na nimeambiwa halijafunguliwa tangu hapo. Nimemuomba tulifungue pamoja, mbele ya mtunzaji wa jumba hili, na amekubali. Tutakutana hapa Jumatano ijayo, saa nne asubuhi. Anayetaka kuhudhuria anakaribishwa.